Kikapu cha mtandaoni: kilikotoka na kilivyofika Kithimani

Karibu kila mtu anayenitafuta nimtengenezee duka la mtandaoni huanza na swali moja: programu gani ya kikapu ni nzuri? WooCommerce au OpenCart? Shopify au Magento? Nami humrudishia maswali matatu: anayelipa ni nani, atalipa kwa njia gani, na mzigo utapokelewa na nani, wapi? Wengi hudhani nakwepa. Wacha leo nieleze kwa kirefu. Itabidi turudi hadi 1994, kwa sababu programu hizi zina kwao, na kwao huko kunasikika ndani ya msimbo hadi leo, kama lafudhi ya mtu aliyehama zamani.

Naandika nikiwa Kithimani, upande wa Yatta, kaunti ya Machakos, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, kabla hujafika Matuu. Kilichonifanya nichimbue historia hii ni kazi moja. Mama mmoja hapa ana duka la pembejeo, agroveti kama tunavyosema, na anataka kuuza mbegu, dawa na bomba za kunyunyizia kupitia mtandao. Wapo wateja wanaolima kando ya mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari. Hao hununua mwaka mzima. Lakini wengi hungoja mvua, na huku Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mbegu nyingi huuzwa katika wiki chache tu. Duka la mtandaoni likikwama wiki hizo, hasara hairudi Januari. Mbegu iliyochelewa ni chakula cha kuku.

Haya, turudi 1994.

Itifaki ya HTTP, ile inayobeba kurasa za wavuti, haina kumbukumbu. Ukiomba ukurasa seva inakupa, kisha inakusahau. Fikiria umeingia dukani, ukasema nipe sukari kilo moja, ukageuka kuangalia sabuni, ukirudisha uso mwenye duka anakuuliza, "Wewe ni nani?" Huwezi kununua vitu viwili katika duka la namna hiyo. Kwa kusoma makala ilitosha. Kwa biashara haikutosha kabisa.

Agosti mwaka huo watu wa NetMarket, kampuni changa ya Marekani, waliuza diski ya muziki ya Sting kwa dola 12.48 pamoja na gharama ya kutuma, na nambari ya kadi ya mnunuzi ikasafiri ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya MCI ilikuwa inataka kujenga duka la mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe kumbukumbu ya kila mtu aliyeweka kitu kwenye kikapu akaondoka bila kulipa. Wakawaendea Netscape. Mhandisi kijana, Lou Montulli, akaja na jibu: seva impe mgeni kijikaratasi chenye alama, kivinjari kikitunze, na kila mgeni akirudi akionyeshe. Kijikaratasi hicho ndicho kuki, au kidakuzi kwa lugha ya vitabuni. Leo kuki zinajulikana zaidi kwa kufuatilia watu na matangazo, lakini kikapu kilikuwa sehemu ya shida iliyozizaa.

Sasa angalia ni mnunuzi gani aliyekuwa kichwani mwa watu hao. Ana kadi ya benki. Ana nyumba yenye nambari, mtaa wenye jina na msimbo wa posta. Anajinunulia mwenyewe. Anakaa mbele ya tarakilishi mpaka amalize. Na malipo ya kadi yana tabia moja ambayo waandishi wa programu waliichukulia kuwa sheria ya dunia: duka ndilo linalovuta pesa. Mteja akitoa nambari, duka linauliza benki, benki inajibu ndiyo au hapana pale pale, na ukurasa unaofuata unasema asante. Yote hayo ndani ya pumzi moja.

Mwaka 1995 Paul Graham na Robert Morris walianzisha Viaweb, programu ya kujenga duka iliyokaa kwenye seva yao, ukaitumia kwa kivinjari bila kusakinisha kitu. Waliiandika kwa lugha ya Lisp, na 1998 Yahoo wakainunua kwa takriban dola milioni 49. Amazon nao, waliofungua duka Julai 1995, walifika mbali zaidi: Septemba 1999 walipewa hataza ya ununuzi wa kubofya mara moja tu. Kiufundi si jambo kubwa. Unatunza kadi ya mteja na anwani yake, akibofya unatuma. Hata hivyo waliwashtaki Barnes & Noble kwa ajili yake, na hataza hiyo ikaishi hadi 2017. Naitaja kwa sababu ni ile picha ya mnunuzi wa 1994 ikiwa imekamuliwa hadi tone la mwisho: kadi moja, nyumba moja, mtu mmoja, mbofyo mmoja.

Viaweb ilikuwa ya kulipia na Amazon ilikuwa ya Amazon. Kilichofungulia mlango watu kama sisi ni osCommerce. Ilianza Ujerumani, Machi 2000, kwa mkono wa Harald Ponce de León, na ilikuwa programu huria: unaichukua bure, unaisoma, unaibadilisha. Iliandikwa kwa PHP na kutunza data kwenye MySQL, jozi iliyopatikana katika kila seva ya bei nafuu. Kama unatengeneza programu na hujawahi kufungua msimbo wa osCommerce wa zamani, tafuta siku moja uufungue. Mimi ni wa kizazi cha baadaye, mwaka 2000 nilikuwa bado sijaingia darasa la kwanza, lakini chuoni nilipokuwa nasomea sayansi ya kompyuta nilipenda kuchimba misimbo mikongwe kuliko kucheza mpira. Ndani yake unakuta HTML na maswali ya hifadhidata vimechanganywa katika faili moja kama githeri. Ukitaka kuongeza kipengele, unapewa maagizo: fungua faili fulani, tafuta mstari fulani, chini yake bandika huu. Ukishabandika mara ishirini hakuna toleo jipya litakaloweza kusakinishwa juu ya duka lako tena.

Matoleo ya 2.2 yaliyoenea sana yalihitaji pia kipengele cha PHP kilichoitwa register_globals kiwe kimewashwa, na PHP wenyewe walikuwa wamekizima kama kawaida yao tangu 2002 kwa kuwa kilimruhusu mgeni kupenyeza thamani ndani ya programu yako. Mwaka 2011 maduka mengi ya osCommerce duniani yalivamiwa kwa wingi, moja baada ya jingine, na programu za kiotomatiki zilizotafuta matundu yanayojulikana. Wenye maduka hawakuwa wazembe kuliko watu wengine. Walikuwa wamebandika sana hawakuweza kusasisha.

Lakini kinachonivutia zaidi ni orodha ya nchi iliyokuja nayo. Kenya imo, nambari 110. Halafu kuna orodha ya pili, ya majimbo ndani ya nchi, ambayo ndiyo hutumika kupanga kodi na gharama za kutuma. Humo utakuta majimbo ya Marekani, Kanada, Ujerumani, Austria, Uswisi na Uhispania. Kenya haina hata moja. Kwa osCommerce, Mandera, Mombasa na Machakos ni sehemu moja yenye gharama moja ya usafiri. Na fomu ya kujisajili haikukuruhusu kupita bila msimbo wa posta wenye urefu fulani. Wakenya wa miaka ile walijaza 00100 wakaendelea, hata kama mzigo ulikuwa unaenda Lodwar. Sanduku la posta halina mlango wa kugonga.

Huku kwetu hali ilikuwaje miaka hiyo? Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, mpaka nyaya za chini ya bahari zilipotua Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM. Watu walitumia saiba, wakilipa kwa dakika. Kadi za benki zinazokubalika mtandaoni zilikuwa za wachache. Pamoja na hayo, kulikuwa na maduka. Maarufu zaidi ni Mama Mikes, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na werevu wake ulikuwa kwamba halikumngoja mnunuzi wa Nairobi apate kadi. Liliwauzia Wakenya walio ng'ambo. Mtu yuko London au Dallas, ana kadi, ananunua vocha ya supamaketi, maua, hata mbuzi, na mzigo unafika kwa mama yake nyumbani. Anayelipa na anayepokea wametenganishwa na bahari. Programu za kikapu za wakati ule zilikuwa na anwani mbili, ya bili na ya kutumia mzigo, kwa hiyo jambo lilifanyika. Lakini zilichukulia kwamba anayepokea hana la kufanya ila kufungua mlango. Hazikuwa na mahali pa kumjulisha kwa simu, kumuuliza ni siku gani yupo, au kumpa namba ya kuthibitisha kwamba ni yeye.

Wakati huohuo, si mbali sana na hapa nilipokaa, kuna jambo lilikuwa linajaribiwa ambalo lingevunja kabisa dhana ya kadi. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa kwa mamia machache ya wateja wa Faulu, Nairobi na Thika. Lengo la awali lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaigeuza: wakaanza kutumiana pesa. Machi 2007 ikazinduliwa kwa nchi nzima, mimi nikiwa darasa la nne. Nakumbuka foleni kwenye kibanda kilichopakwa rangi ya kijani.

Kwa mwandishi wa programu ya duka, M-Pesa ilikuwa mnyama mgeni. Hapa duka halivuti pesa, mteja ndiye anayesukuma. Anatoka kwenye ukurasa wako, anafungua menyu ya simu, anaingiza nambari, kiasi, namba ya siri, anatuma. Wewe mwenye duka unajua kwa ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu yako. Seva yako haijui lolote. Kivinjari hakijui lolote. Lile swali la "benki imesema ndiyo au hapana?" halina wa kulijibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Basi watu wakabuni, na kipindi hiki, kati ya 2007 na 2017, kwangu ndicho kitamu kuliko vyote katika historia hii. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: chukua njia ya malipo ya "hundi kwa posta" iliyokuja na osCommerce au Zen Cart, badilisha maneno yake yasome "tuma pesa kwa nambari hii, kisha andika namba ya muamala hapa chini". Agizo linakaa katika hali ya kusubiri. Mwenye duka jioni anakaa na simu mkono mmoja na orodha mkono mwingine, analinganisha. Ukifikiria, hundi ndiyo iliyofanana na M-Pesa kuliko kadi, kwani zote mbili mteja huondoka kwanza na habari huja baadaye. Waandishi wa programu wa Ulaya walikuwa wameacha mlango huo wazi kwa ajili ya wazee wenye vitabu vya hundi, na Wakenya wakapita nao.

Njia ya pili ilikuwa ya mafundi. Unachomeka modemu yenye laini ya simu kwenye tarakilishi, programu inasoma kila ujumbe unaoingia, inachambua maneno ili itoe namba ya muamala, kiasi, jina na nambari ya mtumaji, kisha inaandika kwenye hifadhidata ya duka. Nimeona msimbo wa namna hii, na uzuri wake ni wa kutisha. Safaricom wakibadilisha nukta moja katika maneno ya ujumbe, duka linaacha kuelewa pesa. Umeme ukipotea mauzo yanasimama. Mtu akituma shilingi 1,480 badala ya 1,500 programu haijui ifanye nini, mpaka binadamu aamue. Na wajanja walijifunza kuandika ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, kwa hiyo ilibidi ukague pia umetoka kwa nani.

Baadaye mambo yakawa rasmi. Pesapal ilianza Kenya mwaka 2009, ikakaa katikati: upande mmoja kadi na M-Pesa, upande mwingine duka lako, na wao wakakupa jibu moja linaloeleweka na programu. Lipa na M-Pesa ikaja 2013 ikiwa na nambari za till kwa wenye maduka. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya, kwenye mfumo mpya. Na mwaka 2017 Safaricom wakafungua Daraja, mlango rasmi ambao programu yoyote iliyosajiliwa inaweza kupitia. Duka lako sasa linaweza kuamuru simu ya mteja ionyeshe ombi la malipo, mteja anaweka namba ya siri tu, na jibu linakuja kwenye seva yako lenyewe.

Hata hapo, jibu linakuja likitaka. Ombi hukaa kwenye simu kwa muda mfupi, na mteja huenda yuko kwenye matatu pale mtandao unapokatika. Pesa inaweza kutoka kwake na jibu likapotelea njiani kwa sababu seva yako ilikuwa imezubaa. Kwa hiyo programu nzuri haingoji tu, huuliza pia: muamala huu uliishia wapi? Ukipewa programu jalizi ya M-Pesa, usitazame rangi ya kitufe. Fungua msimbo, tafuta mahali inapouliza hali ya muamala baada ya kimya. Kama hakuna mahali hapo, rudisha.

Sasa niwamalize haraka waliobaki kwenye ukoo. Zen Cart ni tawi lililochepuka kutoka osCommerce mwaka 2003. PrestaShop ni ya Ufaransa. Magento ilitoka Los Angeles, toleo la kwanza kamili likatoka Machi 2008, kazi ya watu waliokuwa wakitengeneza maduka kwa osCommerce wakachoka. Ilikuwa nzuri, na nzito kama trela la mchanga. Ilitawanya maelezo ya bidhaa moja katika majedwali mengi, na seva ya bei nafuu ilihema. Adobe waliinunua 2018, na Juni 2020 toleo la kwanza likaacha kutunzwa. Aliyekuwa nalo alitakiwa kuhamia la pili, ambalo ni karibu programu nyingine. Shopify ilizaliwa Ottawa baada ya Tobias Lütke na wenzake kujaribu kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji mwaka 2004 na kutopenda programu yoyote waliyoiona. Ikafunguliwa kwa wengine 2006. Unalipa kila mwezi, hushughuliki na seva. Ila hutoza ada ya ziada kwa mauzo yasiyopitia njia yake yenyewe ya malipo, na njia hiyo ilianzia nchi za kadi.

WooCommerce ina damu ya Afrika. WooThemes, walioitoa Septemba 2011, walikuwa na makao Cape Town. Hawakuanza kutoka sifuri. Walichukua programu huria iliyoitwa Jigoshop, wakaajiri watengenezaji wake wawili, wakachepua tawi. Jigoshop ilibaki nyuma. Kuna waliolalamika kwamba haikuwa haki, lakini leseni iliruhusu, na hiyo ndiyo hatari na faida ya programu huria kwa pamoja. Automattic waliinunua WooThemes 2015. Kwa kuwa ilikaa juu ya WordPress, ambayo kiini chake ni blogu, kwa miaka mingi kila agizo la mteja lilihifadhiwa katika jedwali lile lile la makala. Ndiyo, kilo mbili za mahindi ya Katumani zilitunzwa kama makala. Ni toleo la 8.2, Oktoba 2023, lililofanya maduka mapya yatumie majedwali ya maagizo yenyewe.

Mtu atauliza, kwa nini usiweke bidhaa kwenye soko kubwa la mtandaoni uachane na kichwa kuuma? Ni swali la haki. Jumia wapo Kenya tangu 2013, na walijifunza mapema kumruhusu mteja alipe mzigo ukishafika. Lakini tazama waliokuja na kuondoka. Jumia wenyewe walifunga Tanzania Novemba 2019. Safaricom walizindua Masoko 2017 kwa kishindo, na kishindo hicho hakikudumu. Sky.Garden, iliyobeba wauzaji wadogo, ilianguka 2022 ikanunuliwa na Lipa Later, nao Lipa Later wakawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Machi 2025.

Copia ndiyo inayoniuma. Walianza 2013 na waliwaelewa watu wa vijijini kuliko kampuni yoyote. Mteja hakuhitaji simu ya kisasa wala anwani. Alienda kwa wakala, mwenye duka anayemjua kwa jina, akaangalia katalogi, akaagiza, akalipa, na mzigo ukaja kwa wakala huyo. Yaani waliangalia ile picha ya mnunuzi wa 1994 wakaitupa yote. Mei 2024 wakaingia chini ya wasimamizi. Mpango ulikuwa sahihi, gharama za kusafirisha vitu vidogo kwenda mbali zikawazidi. Kwa muuzaji aliyetegemea soko la mwingine, swali siku hiyo ni moja: orodha ya wateja wangu iko wapi?

Hapo ndipo nilipofika na yule mama wa agroveti. Nilimweleza haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza, akaniuliza, "Kijana wangu, mbegu nyingi hapa hazilipiwi na anayepanda. Zinalipiwa na mtoto aliye Nairobi. Hiyo kikapu yako inajua hivyo?"

Haijui, mama. Hakuna hata moja inayojua. Lakini swali lake lilimaliza ubishi, kwani lilinionyesha ni wapi hasa programu itakatwa na kushonwa upya, na kwa hiyo ilibidi iwe ile ninayoweza kuikata. Shopify ikatoka. OpenCart ni nyepesi na msimbo wake ni safi, ningeweza kuichagua bila aibu. Nikachagua WooCommerce kwa sababu mbili. Orodha yake ya sehemu za Kenya sasa ina kaunti zote 47. Na nikipotea mimi, au nikipata kazi kwingine, si vigumu kupata kijana mwingine Thika au Machakos anayeijua. Hilo la pili watengenezaji huwa hatulisemi mbele ya wateja, lakini mteja ana haki ya kulijua.

Fomu ya kulipa nimeipunguza. Msimbo wa posta umetoka, mtaa umetoka. Zimeingia nambari mbili za simu: ya anayelipa na ya anayepokea. Ombi la M-Pesa linaenda kwa wa kwanza, na malipo yakithibitishwa ujumbe unaenda kwa wa pili ukiwa na namba fupi ya kuonyesha dukani. Mahali pa kupokea ni orodha: dukani, stendi ya matatu, au kwa mwenye kioski fulani katika vijiji ambako mama ana mtu anayemwamini. Msomaji wangu ataona ninaiba kwa Copia. Ninaiba, ila kwa eneo dogo linalofikika kwa bodaboda.

Kuna mpangilio mmoja wa WooCommerce ambao ulihitaji kuangaliwa zaidi. Agizo lisilolipiwa hushikilia bidhaa kwa dakika 60, kisha hufutwa. Mtu wa kadi akikaa dakika 60 bila kulipa, amebadili nia. Mtu wa M-Pesa huenda hana salio, anatoka kazini saa kumi na moja ndipo apite kwa wakala. Tumeweka saa 24, na katika wiki za mbegu saa 6, kwa kuwa wakati huo gunia lililoshikiliwa na asiyelipa ni gunia ambalo mwingine amelikosa. Zaidi ya hayo, kazi za ratiba za WordPress huendeshwa na wageni wanaotembelea tovuti. Duka dogo usiku halina wageni, basi ratiba hulala. Nimeweka saa ya seva yenyewe iiamshe kila dakika tano, iulize pia miamala iliyonyamaza.

Na nambari za simu za watu ni data binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo bila kuzunguka. Tumepanga agizo likikamilika na msimu ukapita, nambari ya mpokeaji ifutwe, isipokuwa amekubali kukumbushwa msimu ujao.

Kila Jumapili usiku seva huandaa faili ya maagizo yote na wateja wote, ya kufunguliwa na programu yoyote ya lahajedwali, na kuituma kwa baruapepe ya mama. Jumatatu asubuhi binti yake huichapa. Karatasi hizo zinawekwa kwenye faili la springi juu ya rafu ya dawa za viwavi, karibu na daftari la madeni. Mwezi wa nane tulifanya jaribio: nikazima seva saa nne asubuhi bila kuwaambia, nikangoja nione watafanya nini. Waliuza kwa karatasi hadi saa nane, kisha binti akanipigia kuuliza kama intaneti ya mji mzima imepotea.